Neno Lililotoka Jikoni

Tulimzika Yohana kule Inyonga siku ya Jumanne, mvua ikitunyeshea tangu kanisani hadi kaburini. Jumatano nikapanda basi kurudi Mpanda nimechoka kiasi kwamba kondakta alinishika mkono kunipandisha, kama anavyoshikwa mtoto. Magoti yangu hayana nguvu tena, lakini uchovu ule haukuwa wa magoti. Kwenye wasifu wa marehemu, kijana mmoja wa kanisa alisimama na karatasi yake akasoma kwamba mzee wetu alizaliwa, alibatizwa, alioa, alikuwa fundi cherehani hodari, na kwamba katika ujana wake aliwahi kuwa mlezi wa timu ya mpira mjini Mpanda, akaacha. Hapo akageuza karatasi akaendelea na majina ya wajukuu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama wengine, na nilijua kabisa kwamba pale palikuwa pangu pa kunyanyuka na kusema. Sikunyanyuka. Nilitazama matope kwenye pindo la kanga yangu mpaka wimbo ukaanza. Sasa niko nyumbani Nsemulwa, miguu nimeiweka kwenye beseni la maji ya moto, naandika habari za mwaka ule mmoja, maana nimewahesabu wote waliokuwa wakikaa kwenye ile meza ya walezi na nimeona nimebaki peke yangu.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa watu kuhamishiwa vijijini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpishi katika nyumba ya wageni ya kanisa letu, hatua chache kutoka stesheni. Ilikuwa nyumba ya matofali, yenye vyumba vitatu vya kulala vyenye vitanda vya kamba, na chumba kimoja kikubwa cha kulia chakula ambacho chokaa yake ilikuwa ikibanduka kila mvua zikinyesha. Katikati ya chumba hicho palikuwa na meza ndefu ya mninga, nzito, haikusogezwa hata siku moja muda wote niliokaa pale. Kati ya chumba hicho na jiko langu palikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula. Kifuniko chake kilikuwa kimeng'oka bawaba kabla sijafika, kwa hiyo kilikaa wazi mchana kutwa. Nikiwa nimesimama jikoni, niliona watu vifuani na mikononi tu, vichwa sikuviona mpaka wainame. Wageni wengi niliwajua kwa mikono yao kabla sijawajua kwa sura.

Aliyeleta shughuli ile ya timu za mpira ni Mchungaji Nikodemo, Mnyamwezi mrefu mwenye pumu, ambaye ujanani alikuwa golikipa huko Tabora na kidole chake kimoja kilibaki kimepinda. Wazee wa kanisa waliuona mpira kuwa uhuni. Jumapili vijana walikuwa uwanjani, kwa hiyo kanisa likawahesabu kuwa wamepotea, basi. Mchungaji alikuwa anasema kijana anaweza kupigiwa makofi na mji mzima saa kumi jioni, na saa kumi na mbili akavunjika mguu asipate hata mtu mmoja wa kumletea uji. Alitaka kila timu iwe na mtu wake wa kanisa, ambaye hafundishi mpira, hachagui wachezaji, hahubiri kabla hajaombwa. Kazi yake ni kuwapo tu. Aliwaita walezi wa timu. Akaandika barua kwenye parokia na sharika, hata kwa Wakatoliki, akiomba watu wanaojua kunyamaza. Walikuja watatu.

Wa kwanza alikuwa Benedikto, katekista kutoka Kasansa, Mpimbwe mnene mcheshi aliyekuja na debe la mchele begani na barua ya padre wake mfukoni. Timu yake ilikuwa ya wakulima wa mpunga na vijana wa Kisukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe, na walipigana wao kwa wao kuliko walivyopigana na wapinzani. Wa pili Lameki, mkimbizi kutoka Burundi, mwalimu mwembamba aliyelea timu ya makazi ya wakimbizi ya Katumba. Wa tatu alikuwa Yohana, Mkonongo wa Inyonga, fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza la duka moja pale mjini. Yeye alipewa timu ya stesheni, ambayo wachezaji wake karibu wote walikuwa wapakiaji wa mizigo, watu wa magunia ya tumbaku na nta. Yohana alikuwa na miaka kama ishirini na sita. Alikuwa na vidole virefu vyenye matundu ya sindano. Ndivyo nilivyomjua kwanza.

Mafunzo yalichukua wiki mbili. Asubuhi walisoma Biblia, mchana walifanya kile ambacho Mchungaji alikiita kukaa na mtu. Mmoja anajifanya mchezaji, mwingine anajifanya mlezi, wengine wanatazama. Siku ya kwanza Benedikto alikuwa mchezaji aliyekosa penalti. Aliweka kichwa mezani akalia kilio cha uongo mpaka nikacheka nyuma ya sufuria.

"Watu wamenizomea," akasema. "Hata mke wangu amenizomea. Ananiambia mguu huo ungekuwa wa mbuzi tungeula."

"Tuombe," akasema Yohana palepale.

Mchungaji akapiga meza kwa kiganja. "Tuombe nini? Mtu hajamaliza kusema! Unamkimbiza kwa Mungu ili wewe upumzike. Kaa hapo. Msikilize mpaka akuchoshe, kisha msikilize tena."

Yohana aliona aibu, masikio yakamwiva. Tangu siku hiyo alikaa kimya kuliko wote. Kanuni nyingine Mchungaji aliirudia kila siku mpaka niliisikia hata nikiwa napepeta mchele nje: neno la mchezaji ni la mchezaji. Si la mwalimu wa timu, si la mzee wa kanisa, si la mkeo. Siku aliyoitaja mara ya kwanza aliinama, nikaona uso wake kwenye kidirisha. "Na wewe, Tabitha," akaniambia. "Dirisha hili halina mlango. Kila kinachosemwa huku kinakufikia huko. Unaahidi?" Nikasema, "Naahidi, Baba Mchungaji," mikono imejaa unga. Nilifikiri ni ahadi nyepesi. Ningemwambia nani, na habari za mpira zilikuwa zinanihusu nini?

Baada ya hapo walikwenda kwenye timu zao, na kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi walirudi kula na kuzungumza. Chakula kilikuwa cha shida mwaka ule. Tulipika ugali wa unga wa njano uliokuwa ukigawiwa, unanuka kama gunia, na maharage, na migebuka mikavu kutoka ziwani nikiipata. Benedikto akileta mchele tulishangilia kama siku ya harusi. Masika nilikwenda porini na wanawake kuchuma uyoga, nikaupika kwa karanga, na Lameki alipouonja alisukuma sahani mbele kidogo akakaa anautazama. Akasema mama yake alikuwa anapika vile vile. Kisha akala wote, kimya, na hakuna aliyemuuliza mama yuko wapi. Hao walikuwa wamekwishajifunza.

Alhamisi ya kwanza walirudi na furaha. Ya pili walirudi na hadithi. Ya tatu walirudi wamechoka. Nilikuwa sijawahi kuona uchovu wa namna ile kwa watu ambao hawakushika jembe. Benedikto alikuwa amekaa siku mbili na vijana waliokatana kwa panga kwa sababu ya mpira uliotoka nje, na ucheshi wake ulikuwa umebaki Kasansa. Lameki alisema, "Wangu wakifunga goli hawashangilii. Wanarudi katikati wanasubiri. Mimi nami nasubiri pamoja nao." Mchungaji aliwasikiliza wote kama alivyowafundisha kusikiliza. Katikati ya mwezi aliwatembelea mmoja mmoja, kwa baiskeli na kwa malori ya tumbaku, akirudi na vumbi na kifua kinachopiga filimbi. Siku moja alikuja mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, akasema, "Mwangaluka, Tabitha," salamu ya kwao ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. "Nipe chai. Usiniambie kitu chochote. Nimejaa."

Yohana ndiye aliyefanikiwa kuliko wote, na sababu yake ilikuwa cherehani. Timu ilimpa kazi ya kushona jezi mpya, kwa hiyo wachezaji walikwenda barazani kwake mmoja mmoja kupimwa. Fundi akikupima anakuwa na pini mdomoni, hawezi kukujibu. Basi walisema. Waliyasema mambo ambayo hawakuwahi kuyasema popote, mikono imenyooshwa, wanatazama barabarani. Yohana alituambia hivyo kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Nikitoa pini tu, wananyamaza," alisema, na ile ilikuwa mara ya mwisho kumsikia anacheka mezani.

Alhamisi ya tano, baada ya chakula cha mchana, Benedikto na Lameki walikwenda kujinyoosha. Yohana alibaki. Mimi nilikuwa nasugua sufuria kwa majivu.

"Gaudensi," akasema. "Winga wetu."

"Ana nini?"

"Moyo, Mchungaji. Anasema akibeba gunia moyo unakimbia, halafu unasimama kidogo, halafu unaanza tena. Wiki iliyopita alianguka nyuma ya behewa. Alipozinduka akajipangusa akaendelea kupakia. Hakuna aliyemwona. Kulala chali hawezi tena, anaegemea ukuta."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia aende hospitali. Amekataa. Anasema nyapara akijua atamtoa kwenye timu, na akitoka kwenye timu ametoka kwenye kazi. Mkewe ana mimba ya kwanza. Ameniapisha. Ameniapisha kwa huyo mtoto aliye tumboni."

Mchungaji akavuta pumzi, kifua kikapiga filimbi. "Basi kaa naye," akasema. "Mwambie tena kesho, na kesho kutwa. Atachoka, atakwenda."

"Na akifa kabla hajachoka?"

"Ukilisema leo, kesho hakuna atakayekuja barazani kwako. Wala kwa Benedikto. Wala kwa Lameki. Hizi timu zinaongea. Kazi yote itakuwa imekufa."

"Wewe unaiona kazi yote," akasema Yohana. "Mimi namwona Gaudensi."

"Ndiyo," akajibu Mchungaji, na sauti yake ilikuwa imeisha kabisa. "Ndiyo maana nimekwambia ukae naye wewe."

Nilimaliza sufuria. Nilikuwa namfahamu Gaudensi kwa mbali tu, lakini mkewe, Yustina, tulikuwa tunachota maji bomba moja. Alikuwa binti wa Kifipa mwenye maneno mengi, mwaka mmoja mdogo kwangu, na tumbo lile alilibeba kama mtu aliyeshinda zawadi. Siku chache baadaye tulipanga ndoo foleni. Jumapili ile timu ya stesheni ilikuwa inacheza na timu kutoka Sumbawanga, na mji mzima ulikuwa unausubiri mchezo huo. Yustina akaniambia mumewe hamalizi ugali siku hizi. "Na viatu vya mpira havimwingii, dada," akasema, anacheka. "Anadai vimesinyaa kwa mvua. Jana nimemkanda miguu kwa maji ya chumvi, nikibonyeza kidole shimo linabaki, kama kwenye unga."

Nilijitwika ndoo yangu nikaenda nayo nyumbani, nikaitua, sikuimimina hata kwenye mtungi. Nikavuka reli.

Nyapara wa wapakiaji, Mzee Sikazwe, ndiye pia aliyekuwa katibu wa timu. Nilimkuta kivulini ubavuni mwa ghala, anakunywa uji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama wageni. Wageni wamekula wamemaliza?"

"Mzee, msimchezeshe Gaudensi Jumapili. Moyo wake ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali."

Akaweka bakuli chini. "Nani kasema?"

"Nimesikia."

"Umesikia wapi? Wewe kazi yako ni jikoni kwa wale walezi." Akapangusa mdomo. "Ni Yohana."

"Sijasema Yohana."

"Hujasema. Haya, nani mwingine anaongea na Gaudensi?"

Kulikuwa na jibu. Ningeweza kusema: mimi nimesikia kwenye kidirisha, Yohana alikuwa anamwambia mchungaji wake, hakujua kama ninasikiliza. Lakini hilo lingemtaja Yohana vilevile, na lingemtaja Mchungaji, na lingenitaja mimi na ahadi yangu. Nilisimama tu. Sikazwe akainuka akaenda. Nitasema haki yake: hakuwa mtu mbaya. Alimfuata Gaudensi palepale kwenye mabehewa, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe hospitali ya wilaya. Daktari alimsikiliza kifuani, akamwandikia barua ya kwenda Tabora. Alikaa huko wiki kadhaa. Akarudi na vidonge na amri: asibebe mzigo, asicheze mpira, maisha yake yote. Nafasi yake kwenye magunia ilikuwa imepata mtu, na kwenye winga ya kulia vilevile. Jumapili ile timu ya stesheni ilifungwa.

Kabla ya safari ya Tabora nilikwenda dukani kununua mafuta ya taa, nikamkuta Gaudensi amesimama mbele ya cherehani. Wenzake sita au saba walikuwa nyuma yake. Uso ulikuwa umemvimba, anaongea kwa kukatakata, neno moja pumzi moja.

"Nilikuapisha," akasema.

Yohana alikuwa ameshika jezi nusu, mkono mmoja haujaungwa. 

"Nilikuapisha kwa mwanangu."

"Uliniapisha," akasema Yohana.

Hakuongeza kwamba si yeye. Wale wengine wakaanza kukusanya jezi, zilizokwisha na zisizokwisha, na vitambaa ambavyo havijakatwa, wakavibeba makwapani. Mmoja akachukua hata uzi. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa yangu ya mafuta hatua tano kutoka pale. Yohana alinyanyua macho akaniona, akanisalimu kwa kichwa, kwa heshima, kama kawaida. Nikarudi nyumbani. Naulizwa na moyo wangu mpaka leo zile hatua tano zilikuwa na urefu gani.

Alhamisi ya sita Yohana alikuja kwa mara ya mwisho. Nilipika wali, hakuna aliyeugusa sana.

"Mchungaji," akasema, "nilimwambia mtu mmoja tu hapa duniani. Ni wewe?"

Mikono ya Mchungaji ilikuwa juu ya meza, kile kidole kilichopinda kimetazama kidirishani. Hakuinama kuniangalia. "Neno limetoka katika nyumba hii," akasema. "Na nyumba hii mwenyewe ni mimi."

 Yohana akanyanyuka, akawaaga wenzake kwa mikono, akaenda. Wiki hiyohiyo alifunga cherehani yake juu ya lori akarudi kwao Inyonga, kwa sababu mjini hakuna tena aliyempelekea hata suruali ya kupunguza.

Nilimwendea Mchungaji jioni ya Alhamisi ile, nikamkuta amekaa peke yake pale mezani, sahani hazijatolewa. Nikasema, "Ni mimi."

"Najua. Nilijua Sikazwe aliponisimulia."

"Mbona hukunitaja?"

Akasogeza sahani pembeni.  "Kwa sababu nilifurahi," akasema. "Niliposikia Gaudensi yuko hospitali, nilifurahi kwamba mtu amesema na si mimi. Nilimwachia Yohana mzigo nikauita kanuni. Ukaubeba wewe. Sasa nikunyooshee kidole na mkono upi?" Akakohoa mpaka macho yakatoka machozi. "Lakini yule kijana anastahili kujua. Nenda umwambie. Usipeleke barua. Nenda."

Nilisita mpaka Yohana akawa amekwishahama mjini, ndipo nikamfuata Inyonga kwenye lori la magunia matupu ya tumbaku, nikashuka mwili mzima ukiwasha. Yohana alikuwa ameweka cherehani chini ya paa la nyasi pembeni ya nyumba ya baba yake. Mkewe, huyu tunayemwita Mama Debora, wakati huo bado bibi arusi, aliniletea mahindi ya kuchoma na asali kwenye kibuyu, akaingia ndani kutuachia nafasi. Nikamwambia yote, tangu sufuria hadi ghala. Hakunikatiza. Aliendelea kukanyaga cherehani polepole bila kitambaa, sindano inapanda na kushuka.

"Gaudensi anapumua?" akauliza.

"Anapumua. Amerudi kutoka Tabora. Yustina yuko karibu kujifungua."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Majuma mawili nilikuwa namwomba Mungu aseme mtu mwingine," akasema. "Sasa mtu amesema, na mimi nimekasirika. Sijui hata nimemkasirikia nani. Usiniulize leo kama nimekusamehe, dada Tabitha. Nimechoka."

"Nitarudi niwaambie wachezaji ukweli. Nitamwambia Gaudensi."

"Hapana," akasema haraka. "Ukiwaambia kwamba ni mpishi kasikia dirishani, watajua kwamba maneno yao yanafika mpaka jikoni. Nani atasema tena kitu kwa Lameki? Wale watoto wa Katumba ndiyo kwanza wameanza kufungua midomo. Waache wadhani ni mimi. Nikiwa ni mimi, basi aliyeharibika ni mlezi mmoja, kazi inabaki. Shati moja likishachafuka, huliloweki na mengine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokwambia."

Hakuniambia tena. Nimelala juu ya maneno hayo miaka yote hii, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba ni utii. Ukweli ni kwamba yalinifaa. Mwaka ule ulipoisha, Mchungaji aliita kundi la pili la walezi, watano, akaniambia nitafute mtu mwingine wa kupika, mimi nikae mezani. Nilikaa. Baada ya yeye kufa, nilikaa kwenye kiti chake, nikawafundisha wanaume wenye ndevu jinsi ya kukaa na mtu, na kila nilipofika kwenye ile kanuni niliiongezea kipande: neno la mchezaji ni la mchezaji, lakini likiwa linamuua, mwambie usoni kwamba utalisema, kisha uliseme mchana mbele yake. Waliandika kwenye madaftari. Hakuna aliyewahi kuniuliza kipande kile nilikitoa wapi.

Gaudensi aliishi miaka tisa. Aliuza karanga pale stesheni, akazaa watoto watatu, akafa amekaa, ameegemea ukuta.

Nilipofika hapa kwenye kuandika, niliweka kalamu nikaondoa miguu kwenye beseni. Maji yalikuwa yamepoa zamani. Yustina anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Tumesali pamoja, tumezikiana ndugu, nimembeba kila mtoto wake. Nilikwenda kwake, nikamkuta uani anaanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limefunga. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa kuogopa kwamba nikikaa nitaanza kuzungusha maneno. Hakuacha kuanua mpaka nilipomaliza. Kisha akakaa kwenye kizingiti na nguo zote mapajani.

"Miguu yake," akasema. "Mimi ndiye niliyekwambia habari za miguu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ile miaka tisa ni kwa mdomo wangu na wako."

 Hakuwa ananishukuru, nami nilijua hivyo.

"Siku ya msiba wa Gaudensi," akaendelea, "Yohana alikuja kutoka Inyonga kwa baiskeli, siku mbili njiani. Mimi nikawaambia shemeji zangu wamtoe. Wakamshika wakamtoa, na vumbi lake, hata maji hakunywa. Wewe ulikuwepo, Tabitha. Ulikuwa unasonga ugali wa msiba. Uliona?"

"Niliona."

"Ukasonga?"

"Nikasonga."

Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu, wala sikuweza kuyakimbia macho yale. Matone yakaanza. Hatukuingia ndani, tukalowa wote wawili na zile nguo zilizokuwa zimekauka. Nilidhani ataniambia nitoke kwake nisirudi, na ningetoka. Badala yake akauliza basi la Inyonga linaondoka saa ngapi.

Tulikwenda Jumamosi. Njia nzima hakusema nami neno, lakini palipokuwa na makorongo alinishika kiwiko nisirushwe. Mama Debora alikuwa bado na nguo nyeusi, anachambua mchele uliobaki msibani. Alishangaa kutuona, akaleta viti, akauliza habari za Mpanda. Yustina hakungoja chai.

"Mama," akasema, "mimi ni mjane wa Gaudensi wa stesheni. Nilimfukuza mzee wako msibani kwangu. Nimekuja kuomba radhi kwa watu wake, maana mwenyewe nimemkosa. Na huyu ana maneno ya kusema."

Mama Debora aliniangalia, akauangalia ule ungo wake. "Aliniambia aliacha ile kazi ya Mpanda kwa sababu macho yalikuwa yanamuuma," akasema taratibu. "Miaka yote. Na nyuzi alikuwa anatunga sindanoni mwenyewe mpaka wiki aliyokufa."

Nikafungua mdomo nianze, akainua mkono kunizuia. Akageukia ndani akaita kwa nguvu, jina baada ya jina, Debora na wadogo zake, na wajukuu waliokuwa shambani nyuma ya nyumba. Wakaja wanapangusa mikono, wakakaa chini, wakubwa kwa wadogo, na yule kijana aliyesoma wasifu naye akatokea, akasimama mlangoni.

"Sasa sema," akaniambia. "Wayasikie wote."